Bi Hebu, Muuguzi Asiyeiamini "Nzuri"

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, muuguzi mkuu wa kitengo cha majaribio ya tiba atavua kitambulisho chake shingoni na kukikabidhi mapokezi. Wanaomfahamu wanasema atasubiri apewe stakabadhi, ataisoma mpaka chini, kisha atauliza kwa nini mhuri umepigwa upande.

Hospitalini ni wachache wanaomwita kwa jina lake. Kwa wote yeye ni Bi Hebu. Hebu nione. Hebu rudia. Hebu simama hapo penye mwanga. Jina hilo alipewa na wagonjwa, na siku alipolisikia kwa mara ya kwanza alisema, "Hebu nitajieni aliyelianzisha."

Kwa kawaida wasifu kama huu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Bi Hebu alikataa. Alimwambia mhariri wa jarida la wafanyakazi kwamba wenzake watamsifia kwa adabu tu, na sifa za adabu ni sawa na dawa iliyokwisha muda wake. Akataka aandikwe na familia iliyowahi kumshuku, "maana hao angalau walinitazama vizuri." Ndivyo kazi hii ilivyofika nyumbani kwetu. Baba yangu, fundi viatu, alikuwa mgonjwa wa kwanza katika majaribio ya mwisho aliyoyasimamia. Mimi bado niko sekondari, na nimeandika niliyoyaona na niliyoyauliza. Rasimu ameshaisoma. Amefuta neno "shujaa" kila lilipotokea, na pembeni ya sentensi moja ameandika, "Nani kakwambia?"

Alianzia wodi ya watoto, akajifunza kwamba mtoto anayelia hatishi kama mtoto aliyenyamaza ghafla. Akahamia chumba cha kuzindukia wagonjwa baada ya upasuaji, kisha benki ya damu, ambako aliwasumbua watu wote bila upendeleo. Wafanyakazi wa zamani bado wanasimulia siku mkurugenzi alipokwenda kuchangia damu akiwa na mpiga picha nyuma yake. Alikaa kitini, akakunja shati, akatabasamu. Bi Hebu akamuuliza jina lake.

"Si unanijua, Sista?"

"Nakujua. Nataka kusikia kama na wewe unajijua."

Mkurugenzi akataja majina yake yote matatu na tarehe ya kuzaliwa, na mpiga picha akasubiri. Picha hiyo bado imebandikwa benki ya damu. Mkurugenzi ndani yake hatabasamu.

Bi Hebu haiamini lifti, kwa hiyo anapanda ngazi akiwa na magoti mabovu. Haiamini saa ya ukutani, na saa yake ya mkononi anailinganisha na ya mlinzi, ambayo nayo haiamini. Wenzake walipomletea keki siku ya kuzaliwa kwake, aliuliza nani kaioka, lini, na mayai yalitoka wapi. Alipojibiwa kwa kuridhisha alikula vipande vitatu.

Wanafunzi wa uuguzi waliopita mikononi mwake wanakumbuka somo lake la kwanza, nalo lilihusu salamu. Mgonjwa akiulizwa "habari za leo?" atajibu "nzuri," hata kama amelala kifudifudi na hawezi kugeuka. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu hujibu nzuri kwanza, maradhi yanakuja baadaye, na wengine wanaishia hapo kwenye nzuri. "Hiyo ni heshima, siyo taarifa," aliwaambia. Kwa hiyo yeye husalimu kama watu wote, hupokea nzuri yake, kisha huanza upya kana kwamba hajaambiwa kitu. Umelala upande gani? Umekula nini, na umebakiza nini kwenye sahani? Hebu nyanyua mkono. Hebu huo mwingine.

Kitengo cha majaribio ya tiba kilipofunguliwa mwisho wa ukumbi, karibu na chumba cha kufulia, hakuna aliyeshangaa alipopelekwa huko. Ni sehemu ambayo dawa bado haijathibitishwa, na mtu wa kuamini haraka hafai.

Baba alifika hapo akiwa na melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya mwili. Yake ilianzia unyayoni. Lilikuwa doa jeusi lenye kingo zilizochongoka ovyo, naye akalichukulia kuwa sugu. Akalichonga kwa kisu cha kukatia soli. Likarudi. Akalichonga tena, akaweka plasta, akaendelea na kazi. Alijiambia kwamba fundi viatu anaijua ngozi. Tatizo ni kwamba aliyoijua ilikuwa ya ng'ombe. Madaktari walipolikata lile doa, ugonjwa ulikuwa umeshapanda kwenye tezi za kinena, na baada ya miezi kadhaa vikaonekana vidoa kwenye mapafu. Dawa za kawaida zilijaribiwa, zikasaidia kidogo, zikaacha kusaidia.

Ndipo daktari mkuu wa utafiti akatuita ofisini. Ni mtu mchangamfu, anayependa kusema "safi kabisa." Alituchorea ubaoni. Seli za kinga zingetolewa kwenye damu ya Baba, zipelekwe maabara, zibadilishwe ili ziitambue saratani ambayo mpaka sasa zilikuwa zikipishana nayo bila kuishtukia. Kisha zingezalishwa ziwe nyingi, zigandishwe, na zirudishwe kwa mwenyewe. Haya yalikuwa majaribio ya awali kabisa. Dozi ndogo kwanza, watu wachache, mmoja baada ya mwingine.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amekumbatia mkoba wake kama yuko stendi. "Daktari, samahani. Kama ni nzuri hivyo, mbona hamjaanza na ndugu zenu?"

Daktari akacheka, akaanza kueleza upya kwa upole zaidi. Hapo tuliona mwanamke mfupi aliyekuwa ameegemea kabati akitikisa kichwa. Tulidhani anamtikisia Shangazi. Kumbe alikuwa anamtikisia daktari.

"Hebu," alisema. "Mama kauliza swali zuri, ajibiwe hilo. Hatujaanza na ndugu zetu kwa sababu hatujui kama ni nzuri. Tunatafuta kwanza kujua kama ina madhara, na madhara gani. Akipona ni furaha kwetu sote, lakini sicho tunachomwahidi. Fundi, umesikia? Nieleze kama unamweleza mteja."

Baba akafikiri. "Mnachukua kiatu changu, mnakipeleka kwa fundi mwingine, mnanirudishia kikiwa na soli mpya."

"Na kikikubana?"

Baba akatazama viatu vyake.

"Na kikikutoa vidonda mpaka ukashindwa kusimama?"

"Si nitakivua?"

"Hiki hakivuliki," alisema Bi Hebu. "Kikishavaliwa, kimevaliwa. Nendeni nyumbani. Mkirudi, rudini na maswali. Mtu asiye na swali simpokei."

Njiani Shangazi alisema yule mwanamke lazima ana jambo. Muuguzi gani anamfukuza mgonjwa wake mwenyewe? Ama anaficha kitu, ama anataka nafasi ile apewe mtu wake. Kwa wiki nzima nyumba yetu ilikuwa kama kituo cha polisi. Tuliulizana kwa nini damu inasafirishwa mbali, nani anaifungua huko, na tutajuaje kwamba kinachorudi ni cha Baba na si cha mtu mwingine. Tukarudi na maswali yote hayo. Bi Hebu alivuta kiti, akavaa miwani, akayajibu moja moja. Kwa mengine alisema tu, "Hilo hatulijui." Nadhani ni hayo yaliyomfanya Baba akubali. Shangazi hakukubali. Alikuja kulinda.

Swali la mwisho, la kujua seli ni za nani, lilipata jibu siku ziliporudi. Mtungi wa baridi uliletwa ukitoa mvuke mweupe. Bi Hebu na muuguzi mwenzake walisoma lebo kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akamsogezea Baba mfuko wenyewe.

"Hebu isome wewe."

Baba akasoma jina lake polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Shangazi akachungulia begani kwake, akasoma pia. Bi Hebu akauliza kama kuna mwingine anayetaka kusoma. Ndipo mfuko ukayeyushwa kwenye maji ya vuguvugu na kuning'inizwa. Haukuwa na kitu cha kutazamwa, maji tu yenye ukungu kidogo, na uliisha kabla Shangazi hajamaliza kukagua mpira wa dripu.

Baadaye chumba kikajaa harufu ya kitunguu saumu. Ilitoka kwa Baba mwenyewe, kwenye pumzi yake. Shangazi aliinuka. "Mmempa mitishamba!" Bi Hebu akaeleza kwamba ni dawa inayotunza seli zisife kwenye baridi, na mwili huitoa kwa pumzi. Shangazi alinusa tena, akakaa, lakini upande wa karibu na mlango.

Shaka ile ilikuwa ya pande zote mbili. Siku iliyofuata Bi Hebu alimsimamisha Shangazi mlangoni na kumtaka afungue chupa yake ya chai. Kinga ya Baba ilikuwa imeshushwa kwa dawa kali ili seli mpya zipate nafasi, na wapo ndugu waliokuwa wakiingiza unga wa mizizi kwa siri. Ndani kulikuwa na supu, supu tupu. Bi Hebu akamimina kwenye kifuniko, akanusa, akaonja. Watu kwenye benchi walikuwa wanatazama. Shangazi alifoka, akasema hajawahi kudhalilishwa hivyo tangu azaliwe, na kwamba kama ni mchawi basi wamfunge.

Bi Hebu akaomba radhi hapo hapo, mbele ya watu wote. Kisha akasema supu imepungukiwa chumvi. Hata hivyo aliona haya kweli, na tangu siku hiyo chupa ya Shangazi ikawa inapita bila kufunguliwa. Ameniagiza nisiliache jambo hili. Anasema ndilo kosa lake, na lilitokana na adabu.

Kwenye benchi hilo ndipo Baba alipofahamiana na mgonjwa wa pili. Tulimwita Mama Maua kwa sababu ana bustani ya miche. Melanoma yake ilianzia chini ya ukucha wa dole gumba, mstari mweusi ambao kwa muda mrefu aliusugua kwa brashi akidhani ni udongo. Baba alipomsimulia habari za kisu na sugu, walicheka mpaka mlinzi akawatazama. "Mimi nasugua, wewe unachonga," alisema Mama Maua. "Sisi ni mafundi kweli."

Lakini mkono wake ulikuwa umeanza kuvimba, na zamu yake ilitegemea Baba. Utaratibu ulikuwa kwamba mgonjwa wa pili hapewi seli mpaka wa kwanza amalize muda wa kuangaliwa bila hatari kubwa. Mama Maua alikuwa akipita dirishani kwa Baba kila asubuhi, na kupitia kioo anauliza kwa kidole gumba kilichofungwa bandeji: vipi? Baba anamwinulia chake. Nzuri.

Homa ilianza mchana mmoja, Baba akiwa peke yake. Aliijua, maana alihisi baridi kwenye meno. Pia alijua itamaanisha nini kwa yule mama wa dirishani. Shangazi alipoingia, alimwambia kwamba mdomo wake unakauka sana, amletee vipande vya barafu. Shangazi akaleta kwenye ile chupa ya chai, iliyopita mlangoni bila kufunguliwa. Kila muuguzi alipokaribia na kipimajoto cha kuweka chini ya ulimi, Baba alikuwa ameshanyonya barafu na kuimeza. Kipimajoto kikasema hana homa. Muuguzi wa zamu akaandika hivyo. Daktari mkuu akapita mlangoni akasema, "Safi kabisa."

Bi Hebu alikuja akiwa njiani kwenda nyumbani, mkoba begani. Alisimama mwisho wa kitanda.

"Habari za mchana, Fundi?"

"Nzuri, Sista."

"Mto?"

"Mzuri."

"Ile taa inayokuchoma macho?"

"Haina neno."

"Mlango unaolia?"

"Nimeuzoea."

Bi Hebu akaweka mkoba chini. Mtu huyu alikuwa amelalamikia mto, taa, mlango, rangi ya ukuta, na namna wauguzi wanavyokunja shuka. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kumuuliza mambo ya viatu. Soli ya mpira na ya ngozi ipi inadumu? Kwa nini viatu vyake vya kazini vinaisha upande mmoja? Baba alijibu kwa kifupi. Akaendelea kuuliza. Shangazi alidhani mwanamke huyu leo kachanganyikiwa. Kumbe alikuwa anasubiri mdomo upate joto. Kisha, badala ya kumpa kipimajoto chini ya ulimi, alikiweka kwapani na kukishikilia mwenyewe, huku mkono wake mwingine ukiwa shingoni kwa Baba.

Alikisoma. Akabonyeza kengele. Shangazi anasema hakuwahi kumuona mtu akiwa na uso mtulivu vile na miguu yenye haraka vile.

Baba akamshika mkono. "Sista, usiandike. Nakuomba. Yule mama atanyimwa."

Bi Hebu aliinama mpaka wakatazamana, na maneno yake Shangazi ameyakariri mpaka leo. "Hebu nisikilize. Ukifa kimya hapa, kesho yeye atapewa kitu kilekile, kwa kiasi kilekile, na sisi hatutajua kilichokuua. Hapo ndipo utakuwa umemnyima. Umeanza kutetemeka saa ngapi?"

Baba akasema. Akasema yote, barafu na chupa na kila kitu, na Shangazi akaziba uso kwa mikono.

Presha ilishuka haraka. Daktari alikuwa ametuonya mwanzoni kwamba seli mpya zikikutana na saratani zinaweza kuamsha mwili mzima kwa pupa, ukajichoma wenyewe. Walimpeleka chumba cha wagonjwa mahututi na kumpa dawa ya kuituliza hiyo pupa. Kwa muda hakumjua Shangazi. Alimwita kwa jina la mteja wake mmoja na kumwambia viatu vyake bado havijakauka. Shangazi akajibu, "Sawa, nitapita kesho," akatoka nje kulia. Bi Hebu, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha zamani, alikwenda kukaa naye. Hakumwambia atapona. Alimwambia dawa imeingia, presha imeacha kushuka, na kwamba hayo mawili ndiyo anayoyajua. Shangazi anasema alimwamini kwa mara ya kwanza hapo, kwa sababu hakumpa zaidi ya alichokuwa nacho.

Baba alirudi kwetu taratibu, kwanza macho, kisha jina la dada yake, kisha malalamiko kuhusu mto.

Majaribio yalisimamishwa, na kamati ya usalama ikaitisha taarifa. Shangazi alimwendea Bi Hebu ukumbini, akamsihi asitaje barafu, maana watasema fundi ni mwongo na wamfukuze. Bi Hebu aliitaja. Alitaja pia kwamba chupa ilipita mikononi mwake bila kufunguliwa, na kwamba kipimajoto cha chini ya ulimi hakifai kwa mtu mwenye sababu ya kuficha. "Kila mgonjwa hapa ana sababu," aliwaambia wanakamati. Baba hakufukuzwa. Kipimo kikahamia kwapani, dozi ya wanaofuata ikapunguzwa, na dawa ya kutuliza ikawekwa chumbani kabla, si baada ya kuhitajika. Mabadiliko hayo yote yanatumika mpaka sasa.

Lakini Mama Maua alisubiri, na mkono ukazidi kuvimba. Kwa siku nyingi hakupita dirishani. Tulidhani amekasirika, na kweli alikuwa amekasirika, ila si kwa tulichodhani. Baba alipotolewa chumba cha mahututi, alikuja akasimama mlangoni akiwa na barakoa.

"Wewe Fundi! Nilikutuma unifie?"

"Mama, mimi niliona—"

"Uliona nini? Nilikuja dukani kwako nikaagiza? Nikasema nishonee kifo, nitalipa Jumatatu?"

Baba akacheka mpaka mashine ikapiga kelele, na Bi Hebu akaja kuangalia ni ya nini. Akamtoa Mama Maua nje kwa kiwiko, lakini polepole.

Seli zake zilipowekwa, Mama Maua alifanya kinyume kabisa. Jino likigonga tu, alibonyeza kengele. Alitoa taarifa za homa, za kuumwa kichwa, za ndoto, na za muuguzi mmoja aliyemwona mnene kuliko jana. Homa yake ya kweli ilipokuja ilidakwa mapema, na hakufika mahututi. Wauguzi walichoka naye. Bi Hebu alisema ndiye mgonjwa bora aliyewahi kumhudumia, na kwa kuwa nimelihakiki, hakulifuta.

Mkono ule ulishuka. Picha za mwili zikaonyesha uvimbe umepungua, kisha picha zilizofuata zikaonyesha kwamba hauonekani. Daktari mkuu alirukaruka. Bi Hebu aliomba picha ile isomwe na mtu mwingine ambaye hakuambiwa ni ya nani. Mtu huyo naye hakuona kitu. Bado amekataza neno "kupona" lisitumike kitengoni, anataka tuseme "hauonekani kwa sasa." Mama Maua anasema kwa sasa inamtosha kupanda miche ya mwaka huu.

Kwa Baba, vidoa vya mapafu vilipungua zaidi ya nusu, vikatulia. Alirudi kwenye meza yake ya kazi, akamrekebishia Bi Hebu viatu vyote vilivyoisha upande mmoja. Mwezi uliopita alihisi kitu kigumu kinenani. Hakukichonga, hakukipaka kitu, hakungoja siku ya kliniki. Alifunga kibanda saa ya wateja wengi akaenda moja kwa moja. Bi Hebu alikigusa, akamtazama, akasema, "Hebu tupige picha." Majibu yatasomwa tarehe tatu Julai.

Tarehe hiyo yeye atakuwa ameshastaafu. Hatakuwa na ufunguo wa kitengo wala ruhusa ya kuingia chumba cha picha. Baba alipotambua hilo hakugusa kiatu siku nzima. Wasiwasi wake mkubwa, kuliko hata kile kigumu, ulikuwa kwamba atasomewa majibu na mtu atakayemwambia safi kabisa.

Wenzake wameniomba niorodheshe mafanikio yake. Amewafundisha wauguzi wanaofanya kazi sasa katika hospitali nyingi, na wanasemekana kuwa wasumbufu wote. Chini ya uangalizi wake hakuna mfuko wa damu wala wa seli uliowahi kwenda kwa mtu asiye wake. Rekodi zipo, na amezikagua tena wiki hii. Majaribio aliyoyasimamia sasa yamefika kundi la tatu la wagonjwa, kwa dozi iliyopangwa kutokana na yaliyompata fundi viatu mmoja, naye fundi huyo anajua hivyo.

Anakusudia kufuga kuku. Ameshakwenda kwa muuza vifaranga mara nne, na bado hajanunua, kwa sababu majibu ya yule bwana hayamridhishi. Shangazi, ambaye siku hizi ndiye rafiki yake mkubwa, amejitolea kwenda naye mara ya tano kama shahidi.

Alipoletewa rasimu hii, alifika kwenye habari za tarehe tatu Julai akasimama hapo muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, na chini ya maneno "hatakuwa na ruhusa ya kuingia" akaandika: "Kweli. Lakini benchi la nje ni la ndugu wa mgonjwa. Nitakuja asubuhi, nitakaa na Shangazi. Akitoka Fundi, nitamuuliza mwenyewe."

Nilimsomea Baba. Alisema basi hapo hakuna taabu.

Bi Hebu, kwa niaba ya wafanyakazi wa kitengo, ya wagonjwa uliowasumbua na ya nyumba yetu, tunakushukuru kwa kila mara uliyoturudisha tukaeleze upya. Magoti yako yapumzike na ngazi, kuku wako wakue, na kila utakayemuuliza akwambie kweli mara ya kwanza. Uwe na maisha marefu na mema. Jumatatu hiyo ya tarehe tatu tutafika mapema, tukuwekee nafasi katikati yetu.